Akina Kambale na Alama za Vidole

Darasani kwangu hapa Kasugho, mashariki mwa Kongo, nikiita "Kambale!" wanasimama watano. Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Nyumbani jina hilo linatosha. Ofisini ni balaa, na mlaghai analipenda.

Wakati wa Wabelgiji babu alibeba kijitabu cha utambulisho. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Baba akaacha kuitwa Jean, na karatasi zake za zamani zikawa kama za mtu mwingine.

Mashine za alama za vidole zilitufikia na uandikishaji wa wapiga kura wa 2005. Vidole vya mama, vilivyolika kwa jembe, mashine ilivikataa mara tatu. Tangu hapo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu, benki, kwenye kununua laini ya simu, hata kwenye vizuizi vya barabarani. Yangu ya kwanza ilififia, picha ikawa kivuli. Askari mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Nikalipa ili nipite.

Desemba 2018 Beni na Butembo ziliondolewa katika uchaguzi wa rais, sababu ikitajwa Ebola na usalama. Wenye kadi huko wakabaki nazo za kununulia laini tu.

Ofisi ya taifa ya utambulisho iliundwa 2011. Lakini mimi bado natembea na kadi ya mpiga kura ya 2023.