Taarikhi ya Mzaha wa Sinema Mjini Kampala

Kila taifa lililopokea sinema kutoka kwa wengine limelazimika kuamua litaketi mbele yake kwa haya ya mgeni ama kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Na watu wa Kampala, tangu zilipokuja kanda za video, walichagua hili la pili, wakaifanya dhihaka kuwa hati yao ya umiliki.

Asili ya jambo hili yatangulia video. Baada ya Idara ya Filamu za Makoloni kuundwa London mwaka 1939, magari ya sinema yalizunguka katika nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza, Uganda ikiwamo, yakionyesha picha za afya, kilimo na utiifu, na kando ya pazia alisimama mkalimani mwenye kipaza sauti, aliyeajiriwa kuyafafanua kwa lugha ya wenyeji yale ambayo serikali ilitaka yasadikiwe. Huko Japani nako, katika zama za sinema bubu, walikuwako wasimulizi walioitwa benshi, ambao baadhi yao walisifika kuliko waigizaji wenyewe. Walakini mkalimani wa mkoloni hakupewa fahari hiyo, kwani kazi yake ilikuwa kuitumikia picha wala si kuihukumu.

Majumba ya sinema ya Kampala, ambayo mengi yalikuwa mikononi mwa Waasia, yalidhoofika baada ya Idi Amin kuwafukuza watu hao mwaka 1972, na vita na ufukara uliofuata vikazidi kuyadhili, hata jumba mashuhuri la Norman likaja kuwa kanisa. Pengo likazibwa na vibanda vya video, vyumba vya mbao na mabati vyenye mabenchi, televisheni na mashine ya kanda, ambamo kwa ada ndogo maskini wa mji alitazama mapigano ya Hong Kong na Hollywood katika lugha asizozifahamu. Hapo ndipo alipozuka VJ. Huyu aliketi na kipaza sauti, akiipunguza sauti ya filamu kila alipotaka kunena, akafasiri kwa Kiganda. Kisha, asitosheke na tafsiri, akampa shujaa wa kigeni jina la nyumbani, akamhamishia katika mitaa ya Kampala, akamcheka anapojigamba na kumsuta anapokosea. Mtumishi wa picha akawa kadhi wake. Nchini Kenya vivyo hivyo, DJ Afro amepata umaarufu mkubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani.

Wamarekani nao walizifanyia filamu zao istihzai, kama ilivyo katika The Kentucky Fried Movie ya mwaka 1977, iliyokusanya vichekesho vifupi vya kubeza matangazo ya televisheni na sinema za kung fu. Lakini wao walijicheka wenyewe wakiwa na studio na fedha, ilhali Kampala ilicheka utajiri wa wengine bila kuwa nao, na hilo lataka ujasiri zaidi.

Ujasiri huo ulitimia Wakaliga, katika tarafa ya Rubaga, ambako Isaac Nabwana, mfyatua matofali ambaye utotoni alizijua filamu kwa masimulizi ya kaka yake, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, jina alilolitunga kutokana na majina ya bibi zake, Rachel na Monica. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri, na bunduki za maigizo zilitengenezwa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Mwaka 2010 wakatoa Who Killed Captain Alex?, ambayo kwa kauli ya Nabwana haikugharimu hata dola 200: askari wapambana na genge la Tiger Mafia, helikopta iliyochorwa kwa kompyuta yateketeza jiji, na swali lililomo katika jina la filamu halijibiwi hadi mwisho. Juu ya yote hayo yasikika sauti ya VJ Emmie, akiwashangilia na kuwakejeli wapiganaji wa filamu ya watani wake. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto.

Nakala ya Captain Alex isiyo na maneno ya VJ haipo tena, kwa kuwa Nabwana alilazimika kuifuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Hivyo dunia nzima yaijua filamu hiyo kwa ulimi wa msimulizi, na hakuna awezaye kuutenga. Lakini maneno mengi yaliyonenwa vibandani kabla yake yalipotea usiku ule ule yaliponenwa. Basi ni wajibu wa vyuo vyetu na makumbusho yetu kuwatafuta ma-VJ wa kale wangali hai, kuzihifadhi kanda zao kwa taadhima, na kuwaandika katika taarikhi ya sanaa ya Afrika Mashariki miongoni mwa watunzi.