Mwanapunda mgonjwa: saa za kwanza ndizo za kuamua

DUNGA ni kijiji cha wavuvi kilichoko kusini mwa jiji la Kisumu, kando ya kinamasi cha mafunjo katika Ziwa Victoria. Katika viunga vya jiji hilo, punda huvuta mikokoteni ya maji na mizigo, na familia nyingi hupata riziki kwa mgongo wake.

Punda jike hubeba mimba kwa muda wa takriban miezi 12, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Isitoshe, utafiti wa shirika la KALRO wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba punda nchini Kenya walikuwa wakichinjwa kwa kasi kuliko walivyokuwa wakizaliwa. Kumpoteza mwanapunda mmoja, basi, ni kupoteza jasho la mwaka mzima.

Dalili za hatari

Mwanapunda mwenye afya husimama katika muda wa saa moja baada ya kuzaliwa, na hunyonya kabla ya saa mbili au tatu kupita. Akishindwa, daktari wa mifugo aitwe mara moja, wala asingojewe hadi asubuhi.

Dalili nyingine ni kiwele cha mama kilichojaa na kudondosha maziwa. Wengi hudhani hiyo ni ishara ya neema, kumbe mara nyingi maana yake ni kwamba mtoto hanyonyi. Hali kadhalika kuhara, kulala muda mrefu bila kuamka kunyonya, kuvimba viungo, kitovu kilicholowa au chenye joto, na choo cheusi cha kwanza kutotoka kabla ya saa 24 kwisha.

Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto kinachotiwa katika njia ya haja kubwa. Kiwango cha kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.9. Joto lililoshuka ni la kuogopwa sawa na homa.

Dang'a kabla ya yote

Mwanapunda huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote ya maradhi. Kinga yake hutoka katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Utumbo huipokea kinga hiyo vizuri zaidi katika saa sita za mwanzo, na ifikapo saa 24 mlango huo huwa umefungwa. Asiyeweza kunyonya akamuliwe dang'a ya mama yake na kunyweshwa kwa chupa safi yenye chuchu.

Iwapo mama amekufa au hana maziwa, maziwa ya ng'ombe yaliyoenguliwa sehemu ya malai yaweza kutumika, yakiongezwa gramu 20 za glukosi kwa kila lita. Sukari ya chai isitumiwe, kwa maana utumbo wa mwanapunda hauwezi kuisaga vyema, na kuhara huzidi. Mwenye uzito wa kilo 20 huhitaji walau lita mbili kwa siku ya kwanza, kiasi kidogo kidogo kila baada ya saa moja au mbili, mchana na usiku.

Asinyweshwe kamwe akiwa amelala ubavu, wala asimiminiwe maziwa kinywani kwa nguvu. Maziwa yakiingia mapafuni huua haraka kuliko njaa. Akiwa hana nguvu ya kufyonza, ni daktari anayepaswa kumlisha kwa mpira.

Joto, ukavu na usafi

Ardhi ya kando ya ziwa huwa na unyevu, na usiku upepo huvuma. Mgonjwa atandikiwe nyasi kavu kwa wingi, afunikwe blanketi, na awekewe chupa za maji ya moto zilizozungushiwa kitambaa. Alazwe kwa kifua, na kama hawezi kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Kitovu kichovywe katika dawa ya kuua vijidudu kama atakavyoelekeza daktari. Majivu na samadi visipakwe, kwani huweza kuleta pepopunda, maradhi ambayo Kiswahili kimeyapa jina la mnyama huyuhuyu. Kinga bora ni kumchanja mama katika mwezi wa mwisho wa mimba.

Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kila mara, kwa kuwa baadhi ya vijidudu vya kuhara huwaambukiza watu pia.

Mama asisahauliwe

Mama na mtoto wasitenganishwe, hata wakati wa matibabu. Mama akirudishwa kwenye mkokoteni maziwa hupungua. Akitengwa, huenda akamkataa mtoto. Zaidi ya hayo, punda anayeacha kula kwa huzuni au uchovu hupatwa na hatari ya mafuta kufurika katika damu, hali inayoweza kumuua. Apewe majani mazuri na maji safi wakati wote.

Uuguzi wa nyumbani haumwondoi daktari. Dawa za viuavijasumu zisinunuliwe dukani kwa kukisia, na anayeitwa awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kazi ya mwenye punda ni kumweka mgonjwa katika joto, ukavu na shibe hadi msaada ufike, na kuuita msaada huo mapema.