Kupasuliwa Mgongo, na Miaka 10 Baadaye

Leo somo letu la historia halina wafalme wala vita. Linahusu kiuno.

Pitisha mkono mgongoni mwako. Vile vinundu unavyovigusa ni pingili za uti wa mgongo. Baina ya pingili na pingili umo mto mdogo, mgumu pembeni, laini katikati. Madaktari huuita diski. Pembeni pakipasuka, ile sehemu laini hutokeza nje, ikabana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Basi mtu huumwa mguu, kumbe ugonjwa uko kiunoni.

Zamani wapasuaji waliokiona kitu hicho walidhani ni uvimbe ulioota. Mwaka 1934, huko Boston, Marekani, madaktari William Mixter na Joseph Barr waliandika kwamba ni kipande cha diski, na kwamba kinaweza kuondolewa. Habari ikaenea, na watu wengi wakapasuliwa.

Sasa sikiliza vizuri. Mgonjwa akipata nafuu husema, kisu kimeniponya. Je, asingepasuliwa, ingekuwaje? Swali hilo lilingoja karibu nusu karne. Daktari Henrik Weber wa Norway alichukua wagonjwa 126 ambao haikuwa dhahiri kama wapasuliwe au wasipasuliwe. Wakagawanywa kwa kura: hawa kisu, hawa matibabu bila kisu. Kisha akawafuata kwa miaka 10, subira ya mpanda minazi!

Alitangaza matokeo mwaka 1983. Mwisho wa mwaka wa kwanza, waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi. Mwaka wa nne tofauti ilikuwa imepungua. Mwaka wa kumi, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa.

Usikimbilie kusema kisu hakina kazi. Baadhi ya waliotibiwa bila kisu walishindwa na maumivu, wakapasuliwa baadaye. Tena, nafuu ya mwaka mmoja si kitu kidogo: kwa mchukuzi wa mizigo, mwaka wa kulala kitandani ni mwaka wa njaa nyumbani. Lakini mwenye kazi ya kuketi, ambaye maumivu yake yanapungua juma kwa juma, anaweza kungoja.

Yuko mmoja asiyengoja. Ukiumwa hivyo, kisha mkojo ukazuia au ukatoka wenyewe, au ukafa ganzi baina ya mapaja, nenda hospitali siku ile ile. Wagonjwa ambao ilikuwa wazi kwamba lazima wapasuliwe, Weber hakuwapigia kura. Walipasuliwa.