Ushuru wa Chai na Gharama ya Utafiti

Katika nchi ya Kericho utafiti ulilipiwa kwanza na chai yenyewe, wala si na serikali. Kampuni ya Brooke Bond iliianza kazi hiyo mwaka 1949. Mwaka 1951 ikawa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, iliyozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilirithi kituo cha Timbilil, na mwaka 1980 ikaunda wakfu wake. Fedha zilitoka aghalabu katika ushuru wa wenye chai. Mpango huo ulikuwa na sifa moja kubwa: ulistahimili muda. Chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ilitafutwa kwa zaidi ya miaka 20. Bajeti ya mwaka mmoja isingaliingoja.

Mwaka 2013 dola iliahidi mengi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu iliagiza asilimia 2 ya pato la taifa itengewe Mfuko wa Taifa wa Utafiti, kiwango ambacho Hazina haijapata kukifikia. Mwaka huo huo utafiti wa chai ulitiwa chini ya shirika la serikali la KALRO, na Chuo Kikuu cha Kabianga, jirani wa mashamba hayo, kikapewa hati yake. Kisha mwaka 2016 serikali ikaufuta ushuru wa chai wa asilimia 1. Chemchemi ya zamani ilizibwa kabla ile mpya haijatoa maji. Ndiyo maana Sheria ya Chai ya 2020 ililazimika kuurudisha ushuru.

Huko Ndanai, upande wa Sotik, hoja hii yagusa jambo jingine, kwani lugha haitozwi ushuru. Kiswahili kilibahatika: Kamati ya Lugha ya 1930 ilitegemea serikali nne zilizohitaji vitabu vya shule, na mwaka 1964 kazi yake ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikotoka kamusi ya 1981. Kikipsigis hakikupata mlezi wa namna hiyo. Uchunguzi wa isimu ya Kikalenjin uliochapishwa mwaka 1979 ni kazi ya Taaitta Toweett, aliyepata kuwa Waziri wa Elimu. Yaani serikali, kwa mara moja, ilikuwa na mtafiti ndani yake. Katiba ya 2010 inaitaka dola iziendeleze lugha za wenyeji, lakini haikutaja mfuko. Mwanafunzi wa Kabianga atakaye kukusanya msamiati wa ufugaji Ndanai hujilipia nauli.