Theluji ya kwanza milimani ina hatari yake

MAJIRA ya baridi yanapobisha hodi katika safu ya milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani, wapo wapandaji ambao huidharau theluji ya Oktoba na Novemba kwa kuwa bado ni haba. Nyasi na mawe yangali yanaonekana, na mtu hudhani kwamba maporomoko ya theluji ni janga la Januari au Februari.

Kisa cha mlima Imp Peak, jimboni Montana, chathibitisha kinyume. Mnamo Oktoba 7, 2017, wapandaji wawili waliokuwa wakitembea kwa ski, yaani mbao ndefu za kutelezea, waliamsha poromoko. Mmoja wao, mwanamke wa umri wa miaka 23, alifukiwa akafariki. Kifaa chake cha kutoa ishara za redio kilikuwa mkobani, kimezimwa.

Chanzo cha hatari

Katika wiki hizo za mwanzo ardhi huwa bado ina joto kiasi, ilhali hewa iliyo juu ya theluji ni baridi kupindukia. Tabaka likiwa jembamba, tofauti hiyo husukuma mvuke kutoka chini kwenda juu, na chembe za theluji hugeuka punje kubwa zisizoshikana, mfano wa sukari. Dhoruba inapomwaga theluji nyingine juu yake, huwa ni kama nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Uzito wa mtu mmoja watosha kuvunja msingi huo na kuachilia bamba zima la theluji. Udhaifu huo waweza kudumu kwa miezi kadhaa.

Aidha, upepo huisomba theluji kutoka kwenye migongo ya milima na kuirundika katika makorongo na miteremko ya kivulini. Huko ndiko watelezaji huikuta ya kutosha, na ndiko poromoko huwangoja. Hata likiwa dogo, laweza kuua kwa kumburuta mtu juu ya mawe na visiki ambavyo havijafunikwa.

Namna ya kujikinga

Maporomoko mengi ya namna hii hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Anayepita kwenye mteremko wa chini ya nyuzi 30, usiopakana na mkali zaidi juu yake, hujiepusha na sehemu kubwa ya hatari. Dalili za kumrudisha mtu nyuma ni poromoko la karibuni, nyufa zinazokimbia kutoka miguuni, na mlio mzito wa theluji inayotitia.

Kila msafiri huhitaji kifaa cha ishara kilichowashwa na kuvaliwa mwilini, ufito mrefu wa kudungia theluji, na sepetu ya kufukulia. Mteremko wenye shaka huvukwa na mtu mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Aliyefukiwa kabisa ana matumaini makubwa akifukuliwa ndani ya dakika 10 hivi. Baada ya hapo hewa humwishia upesi. Waokoaji wa mbali huwa nadra kuwahi, hivyo maisha yake yamo mikononi mwa wenzake.

Wahenga walinena, usimwone simba kanyeshewa ukamdhani paka. Theluji haba ya Novemba ndiyo simba huyo.