Pascal, Boyle na hewa kwenye breki ya pikipiki

Leo naomba tuweke kompyuta kando kidogo. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba na spana namba nane, chupa tupu ya maji na kipande cha mpira mwembamba wa plastiki, nikitoa hewa kwenye breki ya mbele ya pikipiki yangu. Kazi ya saa moja ilinila mchana mzima. Na kama ilivyo kawaida yangu, jioni nikaanza kuchimbua ni nani hasa aliyetuletea mambo haya, nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka mia tatu na hamsini.

Kwanza kisa chenyewe. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nateremka barabara ya zamani ya Naivasha, ile inayoshuka kutoka upande wa Limuru hadi Mai Mahiu, penye lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Anayeijua barabara ile anajua malori yake. Nilikuwa nimembeba ndugu yangu, tuko nyuma ya lori, nami nashika breki ya mbele kila baada ya sekunde chache. Mara mkono wa breki ukawa laini kama sponji, kisha ukaja wote hadi kwenye mshikio na pikipiki haikupunguza mwendo hata kidogo. Breki ya nyuma, ambayo ni ya dramu na huvutwa kwa fimbo ya chuma, ndiyo iliyotuokoa, pamoja na kushusha gia haraka haraka. Tukasimama kando ya barabara, hakuna aliyesema neno. Baada ya nusu saa hivi nikajaribu breki tena: ngumu, nzuri, kana kwamba hakuna lililotokea. Wenzangu wa programu mtanielewa nikisema hiyo ndiyo bagi mbaya kuliko zote, ile inayotoweka ukianza kuitafuta.

Sasa twende Ulaya ya karne ya 17. Blaise Pascal alifariki mjini Paris mwezi Agosti 1662, akiwa na miaka 39 tu, na maandishi yake kuhusu vimiminika yalichapishwa mwaka uliofuata, 1663. Alichosema ni kwamba ukisukuma kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, shinikizo lile hufika kila mahali sawasawa. Kwa hiyo ukisukuma pistoni ndogo upande mmoja, pistoni kubwa upande wa pili itapata nguvu kubwa zaidi, kwa kadiri uso wake ulivyo mpana zaidi. Mwaka uleule wa 1662, huko Uingereza, Robert Boyle alichapisha kanuni yake kuhusu hewa: ukizidisha shinikizo mara mbili, ujazo wa hewa unabaki nusu.

Breki ya pikipiki yako inafanya kazi kwa kanuni ya Pascal na inakufa kwa kanuni ya Boyle. Hebu tupige hesabu kwa mfano wa kawaida. Pistoni iliyo kwenye masta silinda, pale juu kwenye usukani, tuseme ina kipenyo cha milimita 12.7. Ile ya chini kwenye kalipa ina milimita 32. Uso wa ile ya chini ni mkubwa mara sita na kidogo, kwa hiyo nguvu inaongezeka mara sita na kidogo, na hapo bado hatujahesabu kwamba mkono wa breki wenyewe ni wenzo unaozidisha nguvu ya vidole vyako. Lakini hakuna cha bure: pistoni ya juu ikienda milimita 10 inasukuma mafuta ya sentimita za ujazo 1.27 tu. Sasa weka ndani ya mfumo huo hewa ya sentimita moja ya ujazo, yaani sehemu moja ya tano ya kijiko cha chai. Shinikizo likifika mara ishirini ya lile la hewa ya kawaida, hewa hiyo itakuwa imejikunja hadi 0.05. Umesukuma 1.27, na 0.95 imekwenda kukunja hewa. Robo tatu ya mwendo wa mkono wako imeliwa na kipovu ambacho huwezi hata kukiona!

Pascal alibaki kwenye karatasi zaidi ya miaka mia moja. Aliyemtoa huko ni Mwingereza Joseph Bramah, ambaye mwaka 1795 alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji. (Bramah huyu ni yule wa makufuli: dukani kwake aliweka kufuli na tangazo la gini 200 kwa atakayeweza kulifungua bila ufunguo. Lilikaa tangu 1790 hadi 1851, Mmarekani A. C. Hobbs alipolifungua baada ya saa 51 za kazi. Leo makampuni ya programu yanawalipa wadukuzi kwa mtindo huohuo na yanadhani yamevumbua kitu.) Shida ya mashine ya Bramah ilikuwa kuvuja. Pistoni ikiwa huru maji yanapita, ikikazwa haisogei. Dawa yake ilikuwa ukosi wa ngozi ulioumbwa kama kikombe, na wengi husema sifa ni ya fundi wake Henry Maudslay: maji yenyewe yanaubana mdomo wa kikombe kwenye ukuta, kwa hiyo kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo unavyoziba vizuri. Fungua masta silinda yoyote leo, utakuta wazo lilelile, ila kwa mpira.

Kwenye magari, jina la kukumbuka ni Malcolm Loughead wa Marekani. Yeye na kaka... samahani, na ndugu yake Allan walianza na ndege, na kwa sababu watu walikuwa wakilikosea jina lao kila siku, wakaishia kuliandika Lockheed. Ndiyo, Lockheed ileile ya ndege. Malcolm aliacha ndege akajikita kwenye breki, na gari la Duesenberg Model A la mwaka 1921 likatoka na breki zake za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Chrysler walizichukua mwaka 1924 na kuweka vikombe vya mpira mahali pa vile vya ngozi vilivyokuwa vikivuja. Faida kubwa ilikuwa usawa. Kwa fimbo na waya, fundi alilazimika kurekebisha kila gurudumu peke yake, na likikosewa moja gari linavuta upande. Kwa mafuta, Pascal anagawa sawa bila kuombwa. Henry Ford hakuamini. Aling'ang'ania fimbo na waya hadi modeli za mwaka 1939, na ukweli ni kwamba hakuwa mjinga: fimbo ya chuma haina hewa ndani yake. Nilimkumbuka sana pale Mai Mahiu.

Mbona basi pikipiki zilichelewa? Pikipiki haina magurudumu manne ya kusawazisha, na breki ya dramu ina ujanja wake: gurudumu linapozunguka linasaidia kuivuta pedi ijikaze zaidi. Waya ulitosha. Harley-Davidson Duo-Glide ya 1958 ilikuwa na mafuta nyuma, lakini ilikuwa bado dramu. Diski ndiyo iliyobadilisha mambo, kwa sababu diski haijisaidii. Nguvu yote lazima itoke kwako. Lambretta TV175 ya mwaka 1962 ilitumia diski mbele inayovutwa kwa waya, na MV Agusta ya cc 600 ikafuata njia hiyo miaka michache baadaye, lakini waya unanyooka, unasuguana, na hauzidishi nguvu.

Halafu ikaja Honda CB750. Ilionyeshwa Tokyo mwaka 1968 na kuanza kuuzwa 1969: silinda nne, cc 736, nguvu za farasi 67, mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Kiongozi wa mradi, Yoshiro Harada, alikuwa na njia mbili mezani, dramu iliyokwisha kujaribiwa na diski ya mafuta ambayo ilikuwa haijakamilika, na muda ulikuwa umekwisha. Akampelekea Soichiro Honda swali, naye mzee akachagua diski bila kusita. Ndiyo ikawa pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na diski ya mafuta mbele. Mimi ningechagua dramu na kuahidi diski kwenye toleo la pili, na pengine ndiyo maana sina kiwanda.

Klachi ilifuata miaka ya 1980, kwenye pikipiki kubwa kama Honda VF750 ya 1982 na Kawasaki GPZ900R ya 1984. Kanuni ni moja, hatari ni tofauti. Hewa ikiingia kwenye klachi, sahani haziachani vizuri, gia zinagonga na nyutro haipatikani. Utaaibika kwenye taa za barabarani, lakini utafika nyumbani.

Turudi kwenye kisa changu, maana sikuwa na hewa! Asubuhi ya siku ile breki ilikuwa ngumu kabisa. Kilichotokea ni kwamba mafuta yalichemka. Mafuta ya breki ya mwanzo yalikuwa ya mbarika yaliyochanganywa na alkoholi, baadaye wakaja na ya glaikoli tunayotumia leo, ambayo yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia hata kwenye mipira. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ndiyo iliyoweka madaraja ya DOT unayoyaona kwenye chupa. DOT 4 mpya lazima istahimili nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini ikishakunywa maji ya asilimia 3.7 tu, kinachodaiwa kwake ni nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa na maji. Pikipiki nilinunua mkononi mwa mtu, na mafuta yake yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Mteremko ukayapasha moto, maji yakageuka mvuke, na mvuke unafuata njia ya Boyle kama hewa. Ulipopoa ukarudi kuwa maji, ushahidi ukapotea.

Utauliza, kwa nini basi wasitengeneze mafuta yasiyokunywa maji? Yapo. DOT 5 ni ya silikoni. Tatizo ni kwamba maji yakiingia hayachanganyiki, yanakusanyika mahali pa chini kabisa, yaani kwenye kalipa palipo na moto, na hapo huchemka kwa nyuzi mia au zaidi kidogo. Usiichanganye kamwe na hizo nyingine. Na usiweke mafuta ya injini: yanavimbisha mipira, tundu dogo la kurudishia mafuta linazibika, na breki inajishika yenyewe barabarani. Soma kifuniko cha masta silinda, daraja limeandikwa pale.

Kutoa hewa kwenyewe ni rahisi kueleza. Funika tangi kwa tambara, maana mafuta haya yanakula rangi, na yakimwagika osha kwa maji mara moja. Chomeka mpira kwenye skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, ncha ya pili iwe ndani ya mafuta kidogo kwenye chupa. Vuta mkono wa breki, ushikilie, fungua skrubu robo mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kufunga, unanyonya hewa. Rudia hadi yatoke safi bila vipovu, ukiongeza mafuta mapya juu kila mara kutoka chupa ambayo haikuwa wazi. Hapo ndipo nilipoharibu. Simu iliita, nikapokea, huku mkono wa pili ukiendelea kuvuta, na kopo la juu likakauka. Mfumo mzima ukajaa hewa na nikaanza upya.

Jambo la kuudhi ni kwamba kwenye pikipiki hewa inataka kupanda juu ilhali wewe unaisukuma ishuke. Vipovu vinajificha kwenye ule mkunjo wa juu, pale mpira unapoungana na masta silinda. Wengine hutumia bomba la sindano na kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu, na naona wana akili kuliko mimi. Kwa vipovu vya mwisho, gusagusa mkono wa breki milimita chache tu, vitatoka kupitia lile tundu dogo. Kwa pikipiki zenye ABS, ambazo zilianza na BMW K100 mwaka 1988, hewa inaweza kukwama ndani ya kisanduku cha vali, na kwa baadhi yake huitoi mpaka uunganishe kompyuta na kuamuru pampu izunguke. Yangu haina ABS.

Ilipofika magharibi mkono wa breki ulikuwa bado na ulaini kidogo. Nikauvuta, nikaufunga kwenye mshikio kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikalala. Chini ya shinikizo vipovu vinakuwa vidogo na usiku kucha vinapanda pole pole. Asubuhi nikafungua kifuniko na kulegeza tyubu, vipovu viwili vikaibuka juu ya mafuta, kimoja baada ya kingine. Mkono ukawa mgumu kama jiwe. Nimeteremka Mai Mahiu mara moja tangu hapo, peke yangu. Ndugu yangu alikuja na matatu.