Tani moja ya nini, kwani?

Wasee, ukiingia duka la AC pale Mombasa swali la kwanza ni: unataka tani moja ama tani moja na nusu? Mtu unashtuka, hii kitu nitaibeba aje? Tulia. Hiyo tani si uzito wa mashine. Ni uzito wa barafu.

Mwaka wa 1806 jamaa wa Boston, Frederic Tudor, alipakia barafu ya bwawani kwa meli akaipeleka Martinique. Walimcheka sana. Lakini 1833 alituma tani kama 180 hadi Calcutta, na karibu 100 zikafika. Miezi minne baharini, hakuna friji! Baadaye mashine za kutengeneza baridi zilipoingia sokoni, zilipimwa kwa lugha ambayo wateja walikuwa wameshazoea: hii inafanya kazi ya tani ngapi za barafu kwa siku? Tani ya Marekani ni pauni 2,000, na kila pauni ikiyeyuka inameza BTU 144. Zidisha, gawa kwa saa 24. Unapata 12,000 kwa saa, ile namba iko kwa boksi mpaka leo.

Sasa mbona nawaambia hii story? Binamu yangu anaishi Vermont, kwa ghala la zamani la shamba lililogeuzwa nyumba ya orofa mbili. Aliuziwa pampu ya joto ya ukutani, haina mifereji ya hewa, ni kama AC zetu tu ila inageuza kazi: inavuta joto kutoka nje, hata kukiwa na baridi, inalileta ndani. (Kelvin alisema inawezekana tangu 1852.) Muuzaji akapima sakafu peke yake, akamwekea moja ya tani tatu huko chini. Deni alilipa mwaka mzima.

Shida ni kwamba hiyo tani ni ya kupoza, imepimwa nje kukiwa nyuzi 35. Hata namba ya joto hupimwa nje kukiwa nyuzi 8.3, na nguvu hushuka baridi ikizidi. Haikuambii chochote kuhusu usiku wa Januari wa nyuzi -20. Chenye unafaa kupima ni joto linalotoroka usiku kama huo: kwa kuta, paa, madirisha, na upepo unaopita kwa nyufa za mbao.

Na ghala lina dari juu kabisa, kwa hivyo joto lote lilipanda ngazi. Juu walilala bila blanketi, jikoni walipika na makoti. Ikifika Aprili, mashine inawaka, inazima, inawaka, inazima. Ni kubwa mno kwa baridi kidogo, haiwezi kujipunguza, inakula stima bure na kuchosha kompresa.

Mwishowe waliziba nyufa kwanza, wakajaza paa, ndipo wakapima tena. Saa hii wako na mbili ndogo, kila orofa yake, ya chini ikiwa na nguvu kidogo zaidi. Ile ya tani tatu iko kwa gereji, bado inatafuta mnunuzi.